Bomba Chini ya Sakafu

Nilipohamishiwa zahanati ya Tlawi nilipanga kwa bibi mmoja mjane. Baada ya miezi miwili sakafu ya chumbani ikaanza kutoa unyevu, na godoro langu likaota ukungu. Fundi bomba alivunja saruji karibu na bafu akakuta udongo mkavu.

Bibi akavua viatu, akatembea pekupeku chumba kizima, akasimama karibu na dirisha.

"Vunja hapa."

Fundi alipavunja, shingo upande. Kiungo cha bomba kilikuwa kinavuja.

"Umejuaje, bibi?" nikamwuliza.

"Pana baridi zaidi. Halafu bomba hili alilifunga marehemu mume wangu. Nilimwambia halijakaza, akasema mimi sijui mabomba."

Fundi alipoweka kiungo kipya, bibi alikikaza mwenyewe, ndipo akaruhusu sakafu izibwe.