Mzee Niliyemzika kwa Kalamu

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeanza juma moja, kwa hiyo mtaani kwetu Chemchem kila mtu anafunga, na ikifika saa tisa alasiri kila mtu ana kahasira kidogo. Mimi ndiye katibu wa ushirika wetu wa kanisa, na ilinibidi niandike ratiba ya shughuli za kuelekea Pasaka nikilizingatia hilo. Kufyeka makaburi tukaweka asubuhi na mapema, maana vijana wa Kiislamu wa mtaani huja kutusaidia kila mwaka na safari hii wangekuja na kiu yao. Zoezi la kuchangia damu tukalisogeza hadi baada ya Idi. Akina mama wa kwaya walitaka kwenda gerezani kuwaona wafungwa mara mbili, nikawaambia mara moja inatosha, wakaninunia juma zima.

Ratiba niliiandika kwa mkono kwenye karatasi kubwa, ikabandikwa mlangoni mwa kanisa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi nilipostaafu, na sioni aibu kusema kwamba mwandiko wangu ni mzuri. Sioni aibu pia kusema kwamba napenda kuwasahihisha watu. Wifi yangu husema siku ya kufa kwangu nitainuka jenezani nirekebishe tangazo la msiba.

Kati ya yote niliyoandika, mstari mmoja ulinikosesha raha: kuwatembelea waliopotea, wawili wawili. Kila mwaka kabla ya Pasaka tunaandika majina ya watu ambao hawajaonekana kanisani kwa muda mrefu, tunakunja vikaratasi, tunavitia kapuni, na kila jozi inachukua kimoja. Kapu nililiandaa mimi. Lilikuwemo jina moja nililoliombea liangukie mikononi mwa mtu mwingine, yeyote yule. Mchungaji hakunipa nafasi hiyo. Alivikunjua vikaratasi kimoja kimoja mpaka akakipata chenye jina hilo, akaniwekea kiganjani mbele ya watu wote.

"Huyu ni wako, mwalimu," akasema.

Nilijua ni wangu. Mwaka jana nilimzika mzee huyo akiwa hai.

Kanisa letu lina desturi ya kusali makaburini alfajiri ya Pasaka. Tunatoka majumbani bado giza, matarumbeta yanatangulia, na tukifika tunasimama katikati ya makaburi tukisubiri jua. Kabla halijachomoza, mchungaji anasoma majina ya wote waliofariki tangu Pasaka iliyopita, wa mjini na wa vijijini. Jina likisomwa, ndugu zake wanaitika amina. Watu wanatoka mbali kwa ajili ya amina hiyo moja. Wapo wanaolala kwa jamaa zao usiku huo ili tu wasikose jina la mtu wao.

Orodha hiyo huandikwa na katibu. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka juzi, Jumapili moja ya mvua, mzee wa kanisa alitangaza kifo cha mfuga nyuki wa kijijini Isikizya, akataja jina lake la ubatizo. Mimi namjua mfuga nyuki wa Isikizya mwenye jina hilo. Nusu ya ushirika hununua asali yake, na zamani alipiga tarumbeta. Nikafungua daftari palepale nikaandika jina lake kamili, la ubatizo, la baba na la ukoo, kwa mwandiko wangu mzuri. Sikuuliza. Katibu aliyefundisha maisha yake yote aulize nini? Miezi iliyofuata mzee hakuonekana, maana wakati wa mvua watu wa Isikizya hawafiki kanisani, nami nikazidi kuamini.

Kumbe Isikizya kuna wafuga nyuki wawili waliobatizwa jina moja, majirani kabisa. Aliyefariki ni yule ambaye mimi sikuwahi kumfahamu.

Nililigundua kosa Jumatatu ya Pasaka, nilipokwenda mtaa wa Isevya kununua unga. Mama muuza asali pale aliniambia mzee yuleyule alimletea ndoo mbili siku ya Ijumaa Kuu. Nikamweleza mchungaji, ambaye wakati ule alikuwa mgeni kwetu na alisoma alichopewa, halafu nikamtumia mzee ujumbe wa simu wa kuomba radhi. Ulikuwa na aya tatu na haukuwa na kosa hata moja la maandishi. Hakunijibu, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisani.

Basi, Alhamisi ya juma lililopita tukaenda, mimi na wifi. Njia ya kutoka mjini ilikuwa na matope, na bodaboda aliyekubali alikuwa mmoja tu, kwa hiyo watu wazima wawili tukapanda mshikaki, mimi katikati. Miombo ilikuwa kijani pande zote, mvua za mwisho mwisho. Wazee wetu walizifuata njia za nchi hii kwa miguu na mizigo kichwani, miezi hadi pwani, na mimi safari ya saa moja ilinishinda kwa woga. Niliomba tairi lipasuke. Wifi aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anaimba.

Tulimkuta uani, amekalia kigoda, anashona mzinga wa gome kwa kamba za miti. Amekonda, lakini mikono ni ileile.

"Hodi hapa. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibuni." Akamtazama wifi, akanitazama mimi, akarudi kwenye kamba zake. "Mwalimu. Umekuja kuona kaburi?"

Wifi akacheka. Nilitamani kumfinya. Mzee akatuletea viti viwili, akatuuliza habari za mjini, habari za mvua, habari za wafungao, yote kwa utaratibu, na mimi nikajibu yote nikiwa nimeshika mkoba mapajani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha kama nilivyokuwa naandaa somo. Nikayatoa yote. Alinisikiliza bila kuacha kushona.

"Ulisikia nimekufa lini?" akauliza nilipomaliza.

"Mwezi wa kumi na moja, baba."

"Pasaka ikawa mwezi wa nne."

"Ndiyo, baba."

"Miezi mitano najulikana nimekufa. Ulikuja lini kuhani msiba?"

Kwetu mtu hakosi msiba. Unaweza kukosa harusi, ukakosa hata ubatizo wa mjukuu, lakini msiba utakwenda, hata kama ni kuketi mkekani nusu saa na kuacha kibaba cha unga. Na mimi kwa miezi mitano niliamini kwamba mzee aliyenipigia tarumbeta siku ya kipaimara changu amelala udongoni, nikasema njia ina matope, nikasema nitakwenda mvua zikipungua, halafu nikasahau. Mwaka mzima nilikuwa naomba radhi kwa kosa la kalamu. Hili la pili hata sikulijua. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Hata watani zangu Wagogo hawakuja," akaendelea, na sasa alikuwa anatabasamu kidogo. "Mtu mzima kama mimi, nizikwe bila Mgogo hata mmoja kulala kaburini akidai alipwe ndipo atoke? Msiba gani huo, mwalimu?"

"Msiba mbovu, baba," wifi akamjibu.

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nalia, na sikujificha. Nikamwambia kwamba sina cha kujitetea, na kwamba namwomba arudi, kwa sababu Pasaka imekaribia na watu wanamuulizia. Hilo la kuuliziwa lilikuwa kweli. Aliweka mzinga chini.

"Mimi sina kinyongo. Nilikucheka siku ileile. Kusomwa hakuniumi, ipo siku nitasomwa kweli. Lakini siji."

"Kwa nini, baba?"

"Mwenzangu hajasomwa."

Akaelekeza kidevu upande wa pili wa uzio wa minyaa, kwenye nyumba ya bati yenye jiko la nyasi. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mwanafunzi mzito. Yeye na marehemu walitundika mizinga pamoja porini tangu ujana wao. Pasaka ile ya mwaka jana yeye alipeleka asali Ijumaa akarudi na homa, kwa hiyo hakuja mjini kusali, lakini mjane wa rafiki yake alikuja na binti zake wawili. Walilala Chemchem kwa jamaa ili wawahi. Walisimama makaburini gizani wakisubiri jina. Likatajwa jina la ubatizo la mume wake, mama akafungua kinywa kusema amina, halafu yakafuata majina ya baba na ukoo wa jirani.

"Alirudi siku hiyohiyo, akaja moja kwa moja hapa kuangalia kama nimekufa. Alinikuta nakunywa uji. Akakaa pale ulipokaa wewe, akalia mpaka jua likazama. Nilimwambia ni kosa la mwandishi. Hakunisadiki."

"Ungetuambia, baba. Ungenijibu hata kwa simu."

"Nikujibu nini? Uliniomba radhi mimi. Nilikuwa nasubiri mwenye kalamu aje mwenyewe." Akaokota mzinga wake. "Nenda kwake. Ukitoka huko tutaongea habari ya Pasaka."

Hatua za kutoka uani kwake hadi uani kwa jirani hazifiki hamsini. Nilimwambia wifi atangulie, akakataa. "Leo hakuna cha kusahihisha, wifi," akaninong'oneza, "nenda tu."

Mjane alikuwa barazani akibangua karanga mbichi, mama wa makamo yangu, kitenge amejifunga kiunoni. Aliponiona alinitambua, nikajua kwa jinsi mikono yake ilivyosimama. Akatusalimu kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nasi tukaitika vivyo hivyo. Akatukaribisha mkekani. Tulikaa, na bila kupanga tukajikuta tumekaa kama wanawake wanavyokaa msibani, miguu imenyooshwa, migongo ukutani. Safari hii sikuwa na maneno niliyoyaandaa.

"Mama," nikasema, "pole na msiba. Nimechelewa mwaka na zaidi. Mimi ndiye niliyeandika orodha ya makaburini. Nilikosea jina la mume wako kwa uvivu wa kuuliza. Nilidhani najua. Hakuna mtu mwingine aliyehusika, ni mimi."

Akabangua karanga mbili, tatu.

"Ni makosa ya kuandika tu?"

"Ni makosa yangu, mama. Hakuna kingine."

"Basi hamkumkataa?"

Sikumwelewa. Akaweka ungo pembeni.

"Mume wangu alikunywa pombe zamani," akasema. "Aliacha, lakini alikunywa. Na michango ya kanisa miaka ya mwisho hatukutoa, alikuwa mgonjwa. Niliposikia jina limerukwa, nikasema wazee wamekaa kikao, wameona hastahili. Nimekaa mwaka mzima natafuta ni dhambi gani. Usiku nahesabu. Mabinti nao wananiuliza, mama, baba alifanya nini ambacho hatukijui? Nikawaambia tusiende tena, wasije wakatutamkia dhambi hiyo mbele ya watu."

Nimeomba msamaha mara nyingi maishani, mara nyingine kwa kinywa tu. Pale nilishuka mkekani nikapiga magoti kwenye udongo, na magoti yangu ya siku hizi si ya kupigwa ovyo. Nikamwambia hakukuwa na kikao chochote. Nikamwambia mume wake hakufanya lolote, na kwamba kama kuna wa kuitiwa kikao basi ni katibu. Wifi naye akapiga magoti pembeni yangu, ingawa yeye hakukosa kitu.

"Inuka, mwalimu, utaumia," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sasa itakuwaje? Si husomwa wa mwaka huu tu?"

Ndivyo desturi ilivyo. Mchungaji sikuwa nimemuuliza, na wazee wa kanisa najua wawili watakaosema tusianzishe mambo mapya. Nitapambana nao Jumapili hii, na sina shaka nitawashinda, maana wote wawili niliwafundisha darasa la tatu. Nikafungua mkoba, nikatoa daftari la orodha ya mwaka huu. Lilikuwa na majina tisa tayari. Nikageuza ukurasa mpya ili la kwake lianze juu.

"Niambie mama. Jina la ubatizo ninalo. Anza na la baba yake."

Akaniambia. Nikamwomba arudie, nikamwomba anitajie herufi moja moja. Akanitajia jina la babu, na jina la nyumbani alilopewa alipozaliwa, ambalo hata kadi ya kanisa haikuwa nalo. Niliandika polepole, herufi kubwa, kama ninavyoandika ubaoni siku ya kwanza ya muhula. Nilipomaliza nikamsomea yote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Amina," akasema.

Kisha akageukia kwenye jiko la nyasi ambako moshi ulikuwa unatoka na vyombo vinagongana.

"Soma tena, mwalimu," akasema. "Kwa sauti. Binti zake wako jikoni."

Nikasimama, nikasoma.