Chumvi Kwenye Ndoo ya Nanaa

Nanaa ndiyo iliyoanza kunyauka. Nilikuwa nimeipanda kwenye ndoo ya rangi, nyuma ya jiko letu hapa Itetemia, jirani na mchaichai uliokuwa kwenye dumu lililokatwa na kotmiri kwenye beseni bovu. Vyombo vyote hivyo sikuvitoboa chini. Kiangazi cha Tabora kinajulikana. Maji niyabebe kichwani, halafu niyaache yavujie ardhini?

Majani yakaanza kuungua pembeni. Halafu nikaona vikonyo vimekatwa, tena vizuri, kwa kucha. Haikuwa kazi ya kuku. Nikainama. Juu ya udongo kulikuwa na punje nyeupe.

Nikawaza uchawi. Uani tunaishi familia mbili tu, sisi na jirani yangu aliyetokea Urambo. Na huyo jirani ndiye niliyemwomba amsimamie binti yangu kwenye kipaimara, Jumapili iliyokuwa inakuja. Mtu wa kuweka mkono begani kwa mwanangu mbele ya askofu, ndiye anayeweka vitu kwenye ndoo yangu?

Sikumwambia mtu. Akileta bakuli la mboga, napokea na kushukuru, ila watoto wangu hawaigusi, inaishia kwa mbuzi. Jioni nikitoka darasani, masomo yetu ya watu wazima, naenda kwanza kwenye ndoo kabla ya kuvua viatu. Punje zinaongezeka.

"Mama, mbona siku hizi huniachii niende kwa mama mkubwa hapo jirani?" binti akauliza. "Gauni langu la kipaimara liko kwake, nitalijaribu lini?"

"Litangoja."

Nikaamua nikitoka misa ya asubuhi nipitie kwa katekista, jina la msimamizi libadilishwe. Nikaondoka. Njiani nikajipapasa, rozari sina. Nikarudi. Nikamkuta jirani amechuchumaa kwenye ndoo, anachuma, halafu anafungua fundo la khanga na kudondosha kitu.

"Dada, unafanya nini hapo?"

Akaweka kidole mdomoni, akakimbilia ndani kwake. Nikamfuata hukohuko. Ndani alikuwepo mama yake mzazi, aliyeletwa kutoka kijijini kifua kikimsumbua, amejifunika blanketi juu ya sufuria ya mvuke.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikatoka chini ya blanketi.

Jirani akatumbukiza majani kwenye sufuria. Ndipo akapumua. "Haya, sasa sema. Nilikuwa siruhusiwi kuongea mpaka yaingie kwenye maji."

"Umeweka nini kwenye ndoo yangu?"

"Chumvi. Kwetu dawa haichumwi bure, na haiombwi kwa mdomo. Ukiiomba inakuwa mboga tu."

"Mbona ukitaka ya chai unapiga hodi mpaka kuku wanaruka?"

"Ya chai ni ya chai, bwana!"

Bibi akacheka, akakohoa. Mimi sikucheka. Nikamwambia afungue fundo. Nikafanya ishara ya msalaba, nikachukua punje moja, nikaonja. Chumvi ya mawe.

Akanitazama. "Kumbe! Ndiyo maana mboga zangu naziona zimemwagwa kwa mbuzi. Mimi mchawi, mwenzangu? Mchawi gani anakupikia mlenda wa karanga?"

"Nanaa yangu inakufa," nikasema.

Kwao wanachuma porini, mvua inapita na chumvi inaondoka. Ndoo yangu haina tundu. Kila alipoilipa dawa, alikuwa anaiunguza mizizi.

Kwa katekista sikwenda. Mchana ule binti akajaribu gauni, likapunguzwa kiunoni. Jumapili jirani akaweka mkono begani kwake, nami niliutazama ule mkono mpaka askofu alipomaliza kumpaka mafuta, sikufumba macho.

Nanaa nimepanda nyingine, ndoo nimeitoboa kwa msumari wa moto. Tumekubaliana chumvi yake aiweke chini, kando ya ndoo. Anaiweka, naiona. Hata hivyo, kabla sijachuma jani la chai, kwanza napapasa udongo.