Nadharia Yangu Kuhusu Kijivu

Watu nikiwasimulia huniuliza kwanza kama nilikuwa usingizini. Sikuwa usingizini. Ilikuwa saa tisa alasiri, nimeshika mwiko, na jikoni tulikuwa wanawake tele. Kwa hiyo kama unataka kusema niliota, tafuta lingine, maana hilo nimeshalisikia sana na halinisaidii kitu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona karibu na stendi ya Msamvu. Naishi na mdogo wangu wa tumbo moja, Hawa. Huyu Hawa alikuwa na mdomo. Ukimwambia alete maji, anakuuliza ya moto au ya baridi, ya nini, na kwa nini usiende mwenyewe. Ndiye aliyenionyesha ile hadithi ya picha kwenye simu.

Kama huijui, iko hivi. Kuna jengo lililofungwa pande zote, halina mlango wala dirisha. Ndani yumo mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli ya kijivu. Kila picha ikitoka, chini yake pameandikwa: "Afanye nini?" Wasomaji wanaandika amri, na amri iliyopendwa na wengi ndiyo inayochorwa kwenye picha inayofuata. Akiambiwa afungue droo, anafungua. Akiambiwa aweke mkono kwenye mashine, anaweka. Hasemi neno. Jina lake hatukulijua, tukamwita Kijivu.

Mchoraji hajulikani, ndiyo maana kundi letu la kwenye simu lilijaa nadharia. Mmoja alisema Kijivu ni mgonjwa na jengo ni hospitali. Mwingine aliikuza kalenda iliyochorwa ukutani, akaapa kwamba mlima uliomo ni Uluguru kama unavyoonekana kutokea mjini, kwa hiyo jengo liko hapa hapa kwetu, chini ya ardhi. Hawa yeye alisema Kijivu ni mtu mwenye huzuni tu, tumwache apumzike. Kila mara aliandika amri ileile, "Lala kidogo," na hakuna aliyeipenda. Nani anataka kumtazama mtu aliyelala?

Nikatoa yangu. Nilisema lile ni ghala la misukule. Msukule huku kwetu kila mtu anaujua: mtu amechukuliwa kichawi, mwili unafanya kazi, mwenyewe hayupo. Na kila mtu anajua kwamba mchawi hakuchukui hivihivi, lazima utolewe na ndugu yako wa damu, kwa kinywa chake. Basi nikaandika kwamba Kijivu alitolewa na ndugu yake, na hatatoka humo kwa kuvunja ukuta. Atatoka siku mtu wa huku nje atakapomtoa ndugu yake akae badala yake.

Kundi zima likashangilia. Nilitembea kichwa juu kama niliyefaulu mtihani. Hawa peke yake ndiye aliyenuna.

"Dada, sasa si umemfundisha njia ya kutoka?" aliniambia.

Nilicheka. Wewe usingecheka?

Haukupita muda mjomba wetu akafariki, kijijini huko milimani juu ya Mlali. Tukaenda. Sasa, kama hujawahi kufika kwenye msiba wa Waluguru, nikueleze. Kila ukoo una watani wake, na msibani watani ndio wenye kazi. Wanachimba kaburi, wanachota maji, na huku wanawatukana wafiwa. Watakwambia marehemu mlimuua kwa njaa. Watavaa nguo zake waige alivyokuwa akitembea. Watang'ang'ania wapewe dada yako. Nawe huruhusiwi kukasirika, unajibu kwa mzaha mkubwa kuliko wao. Anayenuna ndiye mwenye aibu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mimi naujua utani vizuri, ulimi wangu hauchelewi.

Wanaume walikuwa wamekwenda makaburini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mtu mmoja akaingia jikoni bila hodi, akafunua sufuria ya maharage, akanusa.

"Marehemu mmemuua kwa njaa," akasema, "sasa mnatutafuta na sisi."

"Wewe hata ule ng'ombe mzima hunenepi," nikamjibu. "Una minyoo."

Wanawake wakacheka. Nilidhani ni mmoja wa watani, ametumwa kuchukua maji ya kupeleka makaburini. Alikuwa na ovaroli, lakini mtu anayechimba kaburi avae nini, suti? Akamwonyesha Hawa kwa kidevu. Hawa alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya viazi.

"Huyu nani?"

"Mdogo wangu."

"Nipe."

"Mchukue, tena leo hii. Anakula sana na kazi hafanyi."

"Mimi siendi na mtu anayenuka kutu," Hawa akasema, na jiko zima likaangua kicheko.

Yule mtu hakucheka. "Umenipa?"

"Nimekupa."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu! Nenda naye huko!"

Akafunika sufuria taratibu. "Ahsante, Fundi wa Msamvu," akasema. "Nadharia yako ni ya kweli."

Fundi wa Msamvu ni jina ninalotumia kwenye lile kundi tu. Kijijini hakuna anayelijua. Alipokuwa akitoka kwa mlango wa nyuma ndipo nilipoitazama ile ovaroli vizuri, na rangi yake. Akaingia kwenye migomba, ukungu ukamfunika. Niliogopa, wala sioni aibu kusema. Sikumfuata.

Nilipogeuka, Hawa alikuwa ameshika kisu katikati ya kiazi, hasogei. Mama mkubwa akamwita. Akamtikisa bega, naye akayumba tu, akarudi palepale. Tukadhani ni kifafa. Mwishowe mama mkubwa akasema kwa hasira, "Hawa, menya viazi!"

Akamenya. Akavimaliza vyote, kisha akachukua vilivyokwisha kumenywa akaanza kuvimenya upya, mpaka nilipomwambia acha.

Watani waliporudi nikawauliza yule mwenzao ni wa wapi. Wakatazamana. "Sisi tulidhani ni wa kwenu," akasema mkubwa wao, "jamaa fulani wa mjini." Kumbe kila upande ulimhesabu ni wa upande wa pili.

Hospitali tumekwenda, vipimo vyote ni vizuri. Masheikh wamemsomea. Mganga mmoja aliniuliza nani alimtoa, nikanyamaza, akanirudisha nyumbani. Hawa anapumua, analala akiambiwa alale, anakula akiambiwa ale. Usipomwambia ameze, chakula kinabaki mdomoni.

Na ile hadithi? Picha iliyofuata Kijivu hayumo. Yumo msichana aliyejifunga kanga, ameshika kisu. Chini pameandikwa, "Afanye nini?" Niliandika, "Rudi nyumbani." Wengi wakapenda, "Fungua kabati." Niamini: usiku huohuo Hawa aliinuka kitandani, akaenda kufungua kabati la nguo, akasimama mbele yake akingoja.

Nikawaandikia kundi yote, toka msiba mpaka kabati. Niliwasihi. Nikawaambia huyo ni mdogo wangu, ana jina, anaitwa Hawa, mwamuruni atoke. Unajua walinijibu nini? "Fundi, hii ni kali kuliko ile ya kwanza!" Wakaipamba kwa vikatuni vya kucheka na mioyo. Sasa wanamwita Hawa humo ndani, na kila mmoja ana nadharia yake juu yake. Ninazisoma zote. Huenda mmoja wao akaotea njia ya kumtoa, kama mimi nilivyootea.

Ninachokuomba ni kidogo. Akija mtani usiyemjua akataka umpe ndugu yako, uliza kwanza ni wa nani, hata wakikuona huna adabu. Nuna. Aibu ya kununa inaisha. Na kama unaisoma ile hadithi, kabla hujaandika amri, fikiria kwamba kuna mtu atainuka kuitekeleza.

Ningekueleza zaidi, lakini mvua imeanza na Hawa yuko uani. Sijamwambia aingie.