Katambuga Chini ya Injini

Mimi ni mbishi, na sijawahi kukana. Enzi za Mwingereza nilikuwa dereva wa lori kuukuu la mfanyabiashara mmoja kutoka Muleba aliyehamia Kamuli kununua kahawa. Sisi watu wa magari humwita mwenye gari tajiri, hata kama suruali yake ina viraka, nami nilimwita hivyo.

Ekzosi ilikatika karibu kabisa na injini. Lori likanguruma hadi watu wakajua tunakuja kabla hatujavuka bonde. Nilikuwa nimeifunga mara mbili kwa bati la debe na waya, na mara mbili ikakatika palepale. Kisha, tukipanda na mzigo, ukazuka mlio mwingine, ko, ko, ko, chuma kikipiga chuma.

"Injini imekufa," tajiri aliniambia siku ya Alhamisi. "Jumatatu anakuja mtu wa Bukoba kulikatakata lori achukue vyuma."

"Haijafa, tajiri."

"Umeiona ndani?"

Sikuwa nimeiona. Lakini nilikuwa nimeliendesha lile lori miaka minne, oili yake haikuwa na chenga za chuma, na nguvu zake zilikuwa zilezile. Nikamwomba aningoje hadi Jumamosi. Akakubali shingo upande: lipande mlima na mzigo, yeye akiwa ndani. Likigonga, nirudi kwetu nikashike jembe. Niseme kweli, niliogopa. Kwetu kaka zangu watatu walikuwa wanagombea kishamba kimoja cha migomba, na mimi nililipenda lile lori kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu.

Ijumaa asubuhi nilishuka nalo kwa mhunzi, mzee wa Kinyambo aliyefua majembe kando ya barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo lako nimelisikia tangu juzi," alisema. "Tena unalifunga debe kama mtungi uliovunjika!"

Nilimeza kejeli ile kwa kuwa alikuwa tayari anachagua jembe lililochakaa. Alilitia motoni, akalikunja likawa pete, tukaivisha pale bomba lilipokatika na kuigonga ikabana. Kisha akaziba pembeni kwa udongo anaofinyangia mdomo wa mivukuto yake. Udongo ule umezoea moto, alisema, haukimbii.

Tulipokuwa tunangoja ukauke, aliniletea kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, na mrija wake wa tete. Mimi Mlutheri, lakini kumkatalia mzee aliyekutengenezea gari si adabu, basi nikanyonya kidogo. Saa sita nikapiga hendeli, injini ikawaka.

Kimya. Ekzosi ilipumua taratibu kama gari jipya. Nikaingia ndani, nikakanyaga mafuta kwa furaha, na hapo nikasikia ko, ko, ko, waziwazi kuliko wakati wowote. Nikaona labda tajiri alisema kweli.

Nilikaa kwenye ngazi ya lori nikiutazama mrija, maana kibuyu kilikuwa bado pale miguuni. Kisha nikauchomoa, nikasimama nikafungua boneti.

"Mzee, panda. Ukikanyaga hapa, injini inaongeza mbio. Ukiachia, inapumzika."

Alikuwa hajawahi kukalia kiti cha dereva. Alikanyaga kwa nguvu zote, akicheka hadi machozi. Mimi nikaegesha ncha moja ya mrija kwenye injini, nyingine sikioni, nikausogeza shibiri kwa shibiri. Ndani ya injini, hamna kitu, mzunguko wake tu, sawasawa. Nikauteremsha hadi pale injini inapokalia chesisi. KO! Nilirusha kichwa nikajigonga kwenye boneti.

Vipande vya mpira ambavyo injini hukalia vilikuwa vimeoza vikaisha. Kila ilipovuta mzigo au kukanyagwa mafuta iliinuka na kupiga chuma, na kila ilipoinuka ilivuta ekzosi hadi ikakatika. Ugonjwa ulikuwa mmoja, nami miezi miwili nilikuwa nafunga kidonda kisicho chenyewe.

Mpira wa spea ungetoka Bukoba, na siku zilikuwa zimekwisha. Nikatazama chini. Nilikuwa nimevaa katambuga za tairi, viatu pekee nilivyokuwa navyo, vya kazi na vya kanisani. Nikazivua, nikaomba kisu.

Jumamosi tulipanda mlima kwa gia namba moja, magunia ya kahawa nyuma, tajiri kando yangu ametoa sikio dirishani. Kanyagio liliniunguza unyayo. Sikuondoa mguu. Tulifika juu bila ko hata moja.

"Zima," akasema.

Alishuka, akafungua boneti, akainama muda mrefu. Nikajua ameona, maana kwenye mpira wa katambuga niliouweka chini ya injini, matundu ya misumari ya kanda yalikuwa bado wazi. Kisha akaitazama miguu yangu.

"Kesho Jumapili. Utaingiaje kanisani?"

"Peku, tajiri."

Alifunga boneti polepole, akarudi kukaa mahali pake.

"Haya, piga hendeli," alisema. "Na Jumatatu uamke mapema. Tunaanza kununua kahawa kule Ndama."