Mchango Wangu wa Harusi kwa Mdaiwa Wangu

Walisema nisingefika hata Pasaka. Nilikuwa nimerudi Kigoma na stashahada ya ujenzi, miaka tisa ya vumbi la saruji ya Dar es Salaam kifuani, na nia ya kufungua duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga. Baba mdogo alisema msomi hawezi biashara, atawapigia wateja hesabu za ubaoni mpaka wakimbie. Fundi cherehani wa jirani alisema, tena nikiwa nasikia, kwamba wanaorudi kutoka mjini hufungua maduka ili wapige picha. Kinyozi alinipa miezi mitatu. Wote niliwasikia, na wote nikawauzia misumari.

Sina sababu ya kujificha: kazi naijua. Mteja akija na orodha ya nondo aliyoandikiwa na fundi wake, nilikuwa naomba ramani, naisoma, namwambia achukue pungufu. Muuza duka anayemwambia mteja anunue kidogo, nani alimwona hapa mjini? Ndani ya mwaka mmoja, behewa la saruji likifika stesheni, wenye malori walikuwa wananipigia simu mimi kwanza.

Lakini mtaji haukuwa wangu. Mama mkubwa, huko Kalinzi, alinipa fedha za kahawa yake ya msimu mzima. Kikoba cha akina mama wa Mwanga kilinikopesha kwa udhamini wa mama yangu. Na mzee mmoja wa Ujiji, mfanyabiashara wa mawese, alinipa fungu kubwa kuliko wote. Hakutaka riba, ila alishika karatasi za shamba la michikichi la mama.

"Mwanangu, riba kwangu ni haramu," alisema. "Lakini usahaulifu wa binadamu naujua. Mavuno yajayo yakifika hujanilipa, navuna mimi mpaka deni liishe."

Shamba lile ndilo lililonisomesha. Mama alitia dole gumba bila kuuliza swali hata moja.

Ndipo akaja mkandarasi. Si fundi wa mtaani. Mkandarasi aliyesajiliwa, mwenye leseni ndani ya fremu juu ya kiti chake cha ofisini. Alikuwa amepata kazi ya kujenga madarasa katika kijiji kimoja cha mwambao, akataka saruji, nondo na bati kwa mali kauli, malipo yake yakitoka anilipe. Vitu vya milioni kumi na nne. Fundi wa kawaida ningemwambia alete taslimu. Huyu nilimpa, kwa sababu mimi niliyesota darasani kwa ajili ya karatasi moja niliamini kwamba mwenye karatasi hawezi kuwa mwizi. Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la wasomi tu. Kinyozi asingelifanya.

Vitu vilipakiwa kwenye boti, madarasa yakaisha, yakapakwa rangi. Mkandarasi akaanza kuniambia malipo yamekwama. Nikaenda ofisini kwake mara kumi na moja. Mara zote nilikaa kwenye benchi la nje na mafundi wanaodai posho. Mwishowe msimamizi wake wa kazi, ambaye naye alikuwa anadai, akaninong'oneza: "Kaka, alishalipwa zamani. Hulioni lile gari?"

Nililiona. Nikaingia bila kukaribishwa, nikamwambia nitamshtaki.

"Nenda," akasema huku anachokonoa meno. "Kesi itachukua miaka mitatu. Duka lako lina miaka mitatu?"

Alijua halina. Mavuno yalikuwa yamebakiza miezi miwili.

Wiki moja baadaye dukani kwangu ikaletwa kadi nzuri, yenye maua ya dhahabu. Binti wa mkandarasi anaolewa; familia inaniomba mchango wangu wa hali na mali. Kwanza nilitaka kuichana. Halafu nikaisoma tena, nikaona tarehe ya kikao cha kwanza cha wachangiaji, nikapeleka suti yangu kwa dobi.

Kikao kilikuwa Jumapili alasiri, ukumbi umejaa, wakwe watarajiwa wamekaa mbele. Jina likisomwa unasimama, unataja kiasi, unapigiwa makofi. Langu likasomwa.

"Milioni moja," nikasema.

Makofi yakalipuka, hata mkandarasi alipiga. Mweka hazina, mwalimu mstaafu mwenye miwani puani, akainua kalamu. "Taslimu au ahadi, baba?"

"Nimeshatoa, mama."

"Umempa nani? Kwangu haijafika."

"Anayo baba wa bibi harusi. Alichukua vifaa dukani kwangu vya milioni kumi na nne, hajalipa. Akate moja hapohapo, akukabidhi."

Mweka hazina akashusha kalamu. Kisha mtu wa nyuma akasema, "Kumbe tunachangiwa na saruji!" Watu wakaangua kicheko.

Mkandarasi alisimama. "Bwana mdogo, mambo ya ofisini tutayaongelea ofisini."

"Ofisini kwako nimekaa benchi mara kumi na moja, mzee. Shikamoo zangu zimeisha. Na vikao vimebaki vitatu. Kila kikao nitaongeza milioni. Mimi si bahili."

"Sasa niandike nini?" mweka hazina akauliza.

"Andika imetolewa, iko kwa mwenyeji."

Akaandika. Baba mkubwa wa bwana harusi akageuza kiti chake chote, akamtazama mkandarasi.

Jumanne asubuhi mkandarasi alikuja dukani mwenyewe, na mkoba. Nikamwonyesha benchi. Nikamhudumia kwanza mama wa nusu kilo ya misumari, halafu mtu wa bawaba, halafu mwingine aliyekuja kuuliza bei tu.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu," akasema zamu yake ilipofika.

"Zilishonwa kwa fedha zangu."

Noti zikahesabiwa mbele ya wateja, milioni kumi na tatu. Ile moja alikuwa ameshaipeleka kwa mweka hazina. Nilifurahi? Nilifurahi mpaka nikakosa hamu ya kula. Anayesema kisasi hakina utamu hajawahi kukopwa na mkandarasi.

Harusini nilikwenda pia, maana mchango wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa wageni wote. Bibi harusi alinipa mkono akiwa anatazama pembeni. Yeye hakunikosea kitu, hilo nalijua. Mama yangu naye hakuwa amemkosea mtu.

Kulipa nililipa kwa siku moja. Alfajiri nilipanda bodaboda hadi Kalinzi. Mama mkubwa alizikunja noti kwenye kanga, akanilaumu kwa kukonda. Saa sita nikawa kwenye mkutano wa kikoba, mama yangu akasimama mwenyewe kufuta jina lake kwenye orodha ya wadhamini. Alasiri nikaenda Ujiji. Mzee wa mawese alihesabu taratibu, akatoa karatasi za shamba, akazishika kidogo kabla ya kuniachia.

"Nilikuwa nimeshaongea na wakwezi," akasema, na sikuona kama anatania.

"Waambie mwenye shamba atawaita," nikamjibu.

Nikatoka hapo nikashuka hadi ziwani kunawa uso. Kutoka Kalinzi mpaka pale nilipochutama, hapakuwa na mtu aliyenidai hata shilingi.