Cheti cha usalama wa umeme kilichomrusha mkaguzi wake, Kilibula

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Aliyekuwa Uvira miaka ya rebellion, ule uasi, atanielewa.

Nilikuwa na nyumba mtaa wa Kilibula, hapo hapo Uvira. Mke wangu, Mama Zaina, aliuza juisi baridi, kwa hiyo friji ndiyo iliyotulisha. Waasi walipoushika mji, tangazo likatoka: nyumba zote zikaguliwe upya, isiyo na cheti inakatiwa umeme.

Akaja mkaguzi. Wakuu, ni yule yule wa serikali, kabadilisha muhuri tu.

Hakufungua hata soketi moja. Alikunywa juisi glasi mbili, akaitazama taa. "Inawaka. Iko conforme," yaani imefuata kanuni. Akagonga muhuri.

Enzi zile karatasi ya muhuri unaitundika mkabala na mlango, askari aione kabla hajauliza. Nikaitia kwenye fremu, nikagongelea msumari mrefu juu ya swichi. Nilikuwa na kandambili, sikuhisi kitu.

(Waya ulipita hapo hapo, chini ya plasta. Nilikuja kujua baadaye.)

Kesho yake mke wangu anafuta vumbi: "Baba Zaina, hii ukuta inaniluma."

Nikamjibu kwa dharau, "Weye, certificat iko pale, itakuluma namna gani?"

Siku tatu analalamika, siku tatu namwonyesha muhuri. Mpaka leo naona aibu. Ningeweza kumzika mke wangu, cheti kiko ukutani.

Siku ya nne mkaguzi akarudi kuhakiki kama vyeti vimetundikwa. Akavua viatu mlangoni kwa adabu, na sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki. Akaona fremu imekaa upande. Mtu wa ofisi hawezi kuvumilia hilo. Akaishika ainyooshe, vidole vikagusa msumari.

Kofia ilienda huku, yeye kule. Akajikokota sakafuni mpaka kwenye kofia, akaivaa.

Halafu akasema polepole: "Papier iko muzuri. Nyumba ndio iko mubaya. Kata courant."

Mama Zaina alikuwa keshakata umeme, hakungoja kuambiwa.

Fundi alivuta waya upya siku mbili. Mke wangu aliitoa fremu, cheti akafunikia ndoo ya juisi.

Funzo langu: mkeo akisema ukuta unauma, zima umeme, ita fundi. Muhuri utausoma baadaye.

Haya wenzangu, kwenu mmetundika nini ukutani, na mnajua msumari umepita wapi?