Kadi Niliyoitoa Kwenye Chuma Chakavu

Bosi aliweka karatasi moja nyeupe juu ya mashine ya fotokopi, akaniambia nimwandikie Mwalimu barua ya kuomba radhi.

"Andika vizuri, usifutefute. Kesho saa nne tunaipeleka."

Alinipa siku nzima kwa sababu anajua naandika polepole. Hadi tunafunga duka, karatasi ilikuwa bado nyeupe. Barua naijua. Shuleni Kaoze tulifundishwa anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, na mwisho jina na sahihi. Kilichokosekana ni kosa lenyewe. Nilikaa nalitafuta kama mtu anayetafuta skrubu sakafuni, sikuliona.

Niliingia kwenye ile steshenari hapa Sumbawanga mjini kwa kazi ya kufagia. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuendelea. Nilifagia, nikatoa fotokopi, nikabana ripoti za watu wa ofisini. Kona ya nyuma kulikuwa na meza ya ufundi yenye taa na bisibisi za kila saizi, na fundi wa wakati ule aliniruhusu nimshikie taa. Nilimshikia miaka miwili. Aliporudi kwao Mbeya, kiti chake kilibaki kitupu wiki tatu, kisha nikakikalia. Hakuna aliyeniambia nikae, wala aliyeniambia niinuke.

Wateja wakiingia na kompyuta walikuwa wananiangalia, halafu wanaangalia ukuta.

"Fundi yuko wapi?"

Mimi nilikuwa nainamisha kichwa. Bosi alikuwa ananijibia kutoka kaunta: "Ndiye huyo huyo, mwachie."

Mimi ni mtu wa aibu. Mtu akiniuliza jambo mbele ya watu, jibu huja baada ya yeye kuondoka. Mezani pale haikuwa shida. Kompyuta haikuharakishi. Unaifungua, unaitazama, unairudia tena, na hakuna anayekuuliza umesoma hadi wapi. Kwa hiyo nilikipenda kile kiti kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa.

Kazi ya Mwalimu ilikuja mwezi wa nne. Ni mwalimu mstaafu, anaishi mtaa wa Izia na mkewe na binti yao ambaye ni muuguzi. Yule dada alikuwa anaanza masomo ya kujiendeleza kwa mtandao, na kompyuta yake, ya mezani, ya zamani, ilikuwa chumba cha nyuma. Chumba kile hakipati mtandao wa simu kabisa. Unapatikana sebuleni tu, dirisha la mbele, ndiko unakoonekana mnara wa simu. Ikabidi ruta ya waifai iliyotiwa laini ya simu ikae dirishani pale, na kompyuta iupokee mtandao ikiwa kule nyuma. Lakini sipiyu yake, lile boksi lenyewe, haikuwa na kadi ya waifai.

"Tuagize Mbeya," bosi alisema.

"Masomo yanaanza Jumatatu," dada alisema.

Ilikuwa Ijumaa. Nilizunguka kwa mafundi simu wote wa sokoni, hakuna aliyekuwa nayo. Mwisho nikaenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Alikuwa amekaa juu ya rimu ya trekta anakula muhogo.

"We dada, umepotea? Masufuria mabovu unaleta au unachukua?"

"Natafuta kompyuta."

"Kompyuta?" Akacheka hadi akakohoa. "Humu kompyuta ni kilo tu, kama majembe. Haya, tafuta. Nyoka akikung'ata usiniite."

Nilipekua mpaka mikono ikawa na kutu. Chini ya baiskeli mbili kulikuwa na sipiyu tatu zilizobonyea, zenye namba za rangi nyeupe ubavuni kama vitu vya shule. Ya kwanza ilikuwa imeshatolewa kila kitu. Ya pili nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani yake. Ya tatu ilikuwa na kadi, ndogo kama biskuti, na antena zake mbili zimepinda lakini hazijakatika. Nilimwonyesha.

"Hicho tu? Mzani wangu hata hautakisikia. Nenda nacho."

Meno ya shaba ya ile kadi yalikuwa meusi. Niliyasugua kwa ufutio, ule ufutio wa penseli wa shuleni, taratibu, mpaka yakang'aa. Jumapili baada ya ibada nikaenda Izia kuifunga. Ilishika mara ya kwanza. Yule dada akafungua ukurasa wa darasa lake, akatokea mkufunzi kwenye video ya kukaribisha wanafunzi, naye akaniangalia akasema, "Mdogo wangu, umeniokoa."

Mwalimu alisimama mlangoni.

"Umesomea wapi ufundi?"

"Nilikuwa namshikia fundi taa, Mwalimu."

"Na shule?"

"Kaoze. Shule ya msingi."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Akatikisa kichwa kama anayesahihisha daftari na hajui atoe alama gani.

Mwezi wa saba akaja dukani amekasirika. Mtandao ulikuwa umekufa chumba cha nyuma. Haukukatika siku moja. Ulififia kwa wiki mbili, kisha ukaisha. Dada alikuwa anakaa sebuleni na simu, anasoma kwa kukodoa macho, na mtihani unakaribia.

Wakati huo bosi alikuwa amemleta kijana kutoka Mbeya kwa majaribio. Ana diploma ya kompyuta, anavaa kitambulisho cha chuo shingoni ingawa alishamaliza. Yeye ndiye aliyetumwa Izia. Alirudi baada ya nusu saa.

"Kadi ya jalalani," alisema. "Imekufa. Nani aliiweka?"

Bosi akanitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti.

"Umempelekea mzee wa watu takataka?" aliuliza.

"Kadi ni nzima," nilisema.

"Umeipima?"

"Bado."

"Sasa umejuaje?"

Nilijua kwa sababu niliifunga mwenyewe na nilikumbuka jinsi ilivyokaa. Yule wa diploma akacheka: "Dada anaiamini kama mchumba." Wateja wawili wakacheka naye.

Hapo ndipo bosi alipotoa ile karatasi. Masharti aliyasema mbele ya wote. Nikiomba radhi, mambo yataisha na nitaendelea na fotokopi. Nisipoomba, nijue ufagio ulipo. Kiti cha fundi atakikalia mwenye cheti.

Kesho yake saa nne tulikuwa Izia, watatu. Upepo ulikuwa mkali, Mwalimu amevaa koti na kofia ya sufu ndani ya nyumba yake, na dada amekaa dirishani na simu yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Bosi akakohoa. "Mzee wetu, binti ana barua yake kwako."

Mwalimu akanyoosha mkono. Nikatoa karatasi kwenye mfuko wa sweta, nikampa kwa mikono miwili. Akaifungua, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Mbona haina kitu?"

"Sina cha kuandika, Mwalimu. Kadi ni nzima."

"We!" bosi akasema. "Muombe mzee radhi sasa hivi, kwa mdomo basi."

"Siombi."

Masikio yaliniwaka. Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Lakini lilikuwa limeshatoka, na nilipolisikia likiwa nje sikutaka kulirudisha. Mwalimu hakukasirika. Alivua miwani, akanitazama kwa jicho la mtu aliyesimama mbele ya darasa maisha yake yote.

"Thibitisha," alisema.

Nilikwenda chumba cha nyuma, nikachomoa nyaya, nikaibeba sipiyu kifuani mpaka sebuleni, kisha nikarudi kuchukua skrini. Niliziunganisha zote pale pale sakafuni, karibu na dirisha. Ikawaka. Ikashika waifai kabla sijanyanyuka.

"Kwa umbali huo hata kadi mbovu inashika," alisema wa diploma. Sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo.

Nikachukua simu ya dada, nikawasha waifai, nikaanza kutembea kurudi nyuma huku naangalia vile vijistari vya nguvu ya mtandao. Nyumba ya Mwalimu imekaa hivi: sebule mbele, stoo katikati, chumba nyuma, na kikorido chembamba kinapita ubavuni. Kwenye kikorido vijistari vilikuwa vitatu. Nilipoingia chumbani vikaisha. Nikarudi kwenye kikorido, vikarudi. Nikasimama mbele ya mlango wa stoo, nikausukuma.

Harufu ya mahindi na dawa yake ya unga ikanipiga usoni. Magunia yalikuwa yamepangwa ukuta hadi ukuta, na kwenda juu hadi kwenye mbao za paa. Mlango wenyewe ulifunguka nusu tu.

Mwezi wa nne stoo ile ilikuwa tupu. Nilikumbuka vizuri, paka alikuwa amezalia pale juu ya magunia yaliyokunjwa. Nilipita, nikamtazama paka, nikaenda zangu. Kwetu Kaoze mahindi yalikaa nje kwenye kihenge, na hayakuwa mengi hivyo. Sikuwaza kwamba katikati ya nyumba ya watu kutaota ukuta wa pili, gunia kwa gunia, baada ya mavuno.

Nilirudi sebuleni. Nilijua jibu, lakini watu wanne walikuwa wananitazama na maneno yakagoma. Nikaichukua ile karatasi nyeupe mezani, nikaomba kalamu. Nikachora nyumba. Nikachora ruta dirishani, kompyuta nyuma, na katikati viboksi vingi vimebanana. Nikachora mstari kutoka kwenye ruta, ukafika kwenye viboksi, nikaukatia hapo.

Mwalimu akavaa miwani.

"Unataka kuniambia mahindi yangu ndiyo yanakula mtandao?"

Wote wakacheka, hata dada. Mke wa Mwalimu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mahindi yangu yamefanya nini?"

"Yameshtakiwa," Mwalimu alisema. "Yanakula waifai."

"Mahindi yamelala nyumba hii miaka yote, hayajagombana na mtu."

"Ni mazito, mama," nilisema. "Waifai inapita ukuta mmoja, inapita mbili. Hiyo ni kama kuta kumi."

"Kitu hicho hakimo kwenye kitabu chochote," alisema wa diploma.

Sikumjibu. Nilikwenda stoo, nikapanda, nikashika masikio ya gunia la juu la katikati, nikavuta. Halikusogea. Nikaegemeza mguu ukutani, nikavuta tena. Nyuma yangu nilimsikia bosi anasema, "Shuka huko, utamwaga mali ya mzee." Sikushuka. Lilikuwa gunia la kujazwa mpaka juu na kushonewa kofia ya lumbesa, na mimi sina nguvu hizo, lakini niliona heri nikae nalo pale hadi jioni kuliko kushuka.

Kisha upande wa pili wa gunia ukanyanyuka. Alikuwa mke wa Mwalimu. Mwiko ameuchomeka kwenye kanga.

"Vuta sasa," aliniambia. Kisha akageuza shingo: "Na nyie wanaume mmekuja kuangalia?"

Bosi akakunja mikono ya shati lake jeupe. Wa diploma akakiweka kitambulisho mfukoni. Tulishusha magunia sita ya katikati, tukayasimamisha kwenye kikorido, ikabaki tundu kama dirisha katikati ya ukuta wa mahindi. Bosi alikuwa na dawa ya mahindi hadi kwenye nyusi. Nikairudisha kompyuta chumba cha nyuma, nikaunganisha, nikawasha. Ilichukua muda. Kitaa cha kijani cha ile kadi kikapepesa, kikatulia.

Vijistari viwili. Dada akafungua darasa lake, mkufunzi akatokea, akaganda kidogo, akaendelea.

"Haya sita ndiyo tutaanza kula," mke wa Mwalimu alisema. "Na hilo tundu asilizibe mtu."

Mwalimu alikuwa bado ameshika karatasi. "Kwa hiyo huna kosa kabisa?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Nilichukua kalamu na chini ya mchoro nikaandika, polepole, naye akisubiri: *Niliona stoo, sikuuliza hujaa lini. Hilo ni langu. Kadi ni nzima.* Akaisoma. Akachukua pini, akaibandika kwenye mlango wa stoo, kwa nje.

Tuliporudi dukani bosi alikung'uta dawa ya mahindi kwenye shati. Alinawa uso, akakaa kaunta. Baadaye nikamsikia anamwambia mteja, "Barua? Barua ipo, imebandikwa kwa Mwalimu." Hakuniomba radhi, nami sikuisubiri.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta wa diploma amekaa kwenye kile kiti. Ufagio ulikuwa umeegemezwa mlangoni, mahali ambapo nisingeweza kuupita bila kuuona. Niliupita. Nikaenda nyuma, nikachukua kreti tupu la soda, nikaligeuza, nikaliweka ubavuni mwa kiti chake mbele ya meza. Nikakaa. Nikawasha taa na kuvuta laptopu iliyokuwa inasubiri tangu jana.

Bosi aliangalia ufagio, akaniangalia mimi.

"Sasa nani atafagia?"

"Tutapokezana," nilisema, bila kuinua kichwa.

Wa diploma akacheka. Kisha akanitazama, akaona mimi sicheki.

Leo ni zamu yake.